Munganga wa meno, ongea pia na mama

Nilirudi nyumbani Katuba mwezi wa saba, kwenye baridi ile inayofanya Lubumbashi nzima ivae makoti asubuhi, nikiwa na shimo mdomoni lilikong'olewa jino, na karatasi ya maagizo ya munganga mkononi. Karatasi iliandikwa kwa Kifaransa. Mama, ambaye ndiye aliyeniuguza, hasomi Kifaransa. Ninaandika kwa sababu ya karatasi hiyo, maana ilinigharimu juma zima la maumivu yasiyokuwa ya lazima.

Jino lenyewe lilistahili kutoka. Meno ya hekima ni magego ya mwisho, hutoka kati ya miaka 17 na 25 hivi, taya likiwa limekwisha kujaa. Langu la chini kulia lililala, likalisukuma gego la jirani, na ufizi ukabaki juu yake kama kifuniko. Chakula kiliingia chini ya kifuniko kile na kuoza. Mwaka mzima nilinunua amoksisilini, dawa ya kuua bakteria, vidonge vitatu vitatu. Uvimbe ulishuka, kisha ukarudi, kwa sababu jino lilikuwa palepale. Lisilosumbua na liachwe: hata Uingereza, tangu mwaka 2000, mwongozo wa afya ya umma unasema meno ya hekima yenye afya yasing'olewe. Langu halikuwa na afya.

Kung'oa hakukuniuma. Sindano ya ganzi, mdomo ukafa upande mmoja, ufizi ukakatwa, jino likapasuliwa vipande viwili na kutolewa, nyuzi tatu. Nilisikia kuvutwa tu.

Shida ilianza jioni. Mama alichemsha maji, akatia chumvi, akaniambia, "Sukutua kwa nguvu, mwanangu, damu mbaya itoke." Nikasukutua, nikatema, nikarudia. Kisha nikanywa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, kwa mrija, kwa sababu mdomo haukufunguka vizuri.

Damu ile ndiyo iliyokuwa dawa. Bonge linaloganda ndani ya shimo hufunika mfupa na mishipa ya fahamu, na nyama mpya huota humo. Ukilisukutua usiku wa kwanza, au ukilivuta kwa mrija, mfupa unabaki wazi. Siku ya tatu, nilipotazamia nafuu, maumivu yalipanda hadi sikioni, harufu mbaya ikaja, na parasetamoli haikufanya kitu. Munganga alitazama akaona shimo tupu. Aliliosha, akaweka kitambaa chenye dawa ya mafuta ya karafuu, na usiku huo ndipo nilipolala.

Akaniuliza, "Si ilikuwa kwenye karatasi?"

Ilikuwa. Lakini siku ile nilikuwa na pamba mdomoni na kichwa kizito, na mama alikaa saa nzima kwenye benchi nje ya mlango, wala hakuna aliyemwita.

Simlaumu mama hata kidogo. Maji ya chumvi ni sahihi, ila yaanze siku ya pili, yawe ya vuguvugu, na yaachwe yapite polepole mdomoni bila kutema kwa nguvu. Ujuzi wake ulipungukiwa sentensi moja tu, na hilo linaniuma kuliko jino. Munganga yuleyule alipatana nasi bei kwa Kiswahili. Aliniuliza kwa Kiswahili panapouma. Mambo ya uponyaji ndiyo yakaachiwa karatasi ya Kifaransa.

Karatasi ilisema pia "chakula laini". Jikoni kwetu bukari, yaani ugali, ni laini, na sombe, mboga ya majani ya muhogo, ni laini. Lakini bukari la moto na miiba ya kapenta, dagaa wetu, si vya kupita karibu na shimo bichi. Mama angeambiwa uji uliopoa, viazi vilivyopondwa, ndizi mbivu, angevipika kwa furaha. Angeambiwa kwamba uvimbe hufika kilele siku ya pili au ya tatu, asingekesha akiomba. Na la maana zaidi: homa ikipanda, uvimbe ukishuka shingoni, au mgonjwa akishindwa kumeza au kupumua, ni hospitali usiku huohuo. Neno hilo lazima alishike yule anayeuguza, kwa maana mwenye jino huenda hataweza hata kufungua mdomo kulisema.

Ni dakika tano. Fungua mlango, mwite aliye kwenye benchi, mwambie kwa lugha anayopikia, kisha mwombe akurudishie maneno hayo kwa kinywa chake.

Mwezi uliopita binti wa jirani aling'olewa lake. Mama alikwenda jioni na bakuli la uji uliopoa. Akakuta maji yanachemka juu ya mbabula, jiko la makaa, na chumvi iko tayari mezani. Akaichukua ile chumvi, akairudisha kabatini, akawaambia, "Hii, kesho."