Pakiti mbili, watu sita

Miaka yote niliyokaa Tanga nilijua indomie ni chakula cha Waarabu. Zilikuwa zinakuja kwenye maboksi ya watu waliorudi kutoka Muscat, upande mmoja zimeandikwa Kiarabu, sasa ningefikiri nini? Mpaka nikafika Aarhus, huku Denmark, nikapangwa shifti ya usiku na kijana mmoja wa Surabaya, ndipo nikaelezwa, kwa huruma kidogo, kwamba Indomie ni ya kwao Indonesia tangu 1972, na hiyo "mie" ndiyo tambi yenyewe kwa lugha yao. Kumbe tuliposema "tambi za indomie" tulikuwa tunataja tambi mara mbili.

Tangu usiku ule nimeshikwa na ugonjwa. Mshahara ukiingia tu, naendesha baiskeli hadi Bazar Vest, lile soko la ndani la upande wa magharibi wa mji, nasimama mbele ya rafu ya tambi kama mtu anayechagua kitambaa cha suti. Korea, Thailand, Vietnam, Ufilipino, Japani. Nachukua moja nisiyoijua, nageuza pakiti kutafuta alama ya halali (za Kijapani nyingi mchuzi wake ni wa mifupa ya nguruwe, hizo naziacha zilipo), nalipa, narudi na mvua yangu.

Hukumu zangu ni hizi, na sitaki ubishi. Za Thailand za tom yum, ile supu yao chachu yenye pilipili, ndizo zilizo karibu na mdomo wa mtu wa pwani: ndimu na mchaichai, ule ule mchaichai tunaochemshia chai. Mi goreng ya Indonesia haina mpinzani kwa mtu mwenye njaa ya saa nane usiku. Unamwaga maji, unapasua vijipakiti vitano, kuanzia mafuta hadi vitunguu vya kukaanga, unachanganya kwenye sahani. Shin Ramyun ya Korea ni ya mafua. Wakorea wamekuandikia maji mililita 550 na dakika nne na nusu. Hiyo nusu nimeifuata kwa saa ya simu, na wana haki.

Halafu kuna Buldak, ile ya kuku wa moto. Juni 2024 serikali ya hapa iliamuru aina tatu za tambi hizo ziondolewe madukani kwa kuwa ni kali mno, zinaweza kumdhuru mtu, hasa mtoto. Mwezi uliofuata mbili zikarudishwa, ile kali kuliko zote ikabaki imefungiwa. Simu yangu ilijaa ujumbe kutoka nyumbani: eti Wazungu wamepiga marufuku pilipili? Nilicheka pia. Kwa vipimo vya Scoville, vile vya ukali wa pilipili, hiyo iliyofungiwa ina kama 13,000, wakati pilipili mbuzi anazouza mama yeyote pale soko la Mgandini, Tanga, zinapita 100,000. Lakini nimeila Buldak, na shida yangu nayo siyo ukali. Ni tamu. Ni moto uliotiwa sukari, unakunatia mdomoni kama gundi, wala hauna ile harufu ya pilipili mbuzi inayokufikia kabla hujafungua kinywa.

Wadenmarki wenyewe wana YumYum, tambi za Thailand zenye pakiti ndogo, na watoto wao huzila mbichi. Wanaziponda ndani ya pakiti, wanamwagia viungo, wanatikisa, wanatafuna njiani. Nilipomwona mtoto akifanya hivyo kituo cha basi, nusura nimsalimie kwa Kiswahili. Nasi tulikuwa tukifanya vivyo hivyo nyuma ya darasa.

Sasa nije kwenye kinachonikera. Kuna wenzangu tunaobeba boksi huku, wakirudi likizo wanaangalia sufuria ya indomie ya nyumbani na kusema, "Hivi sivyo zinavyopikwa." Wamejifunza kusoma maelekezo ya pakiti, basi wamekuwa mafundi.

Mama alikuwa anapika pakiti mbili kwa watu sita. Kwanza anaziweka kwenye goti juu ya kanga, anazibana kwa viganja mpaka zinalia kwachu, kwachu, zinakuwa vipande vya urefu wa kidole. Alivunja kwa sababu kwake hizi zilikuwa tambi tu, ndugu wa zile za sukari na tui na iliki za mwezi wa Ramadhani, na tambi huliwa kwa kijiko. Kisha kitunguu, nyanya, karoti, hoho, nusu kabichi, mayai mawili. Kijipakiti cha viungo anatia kimoja, cha pili anakificha.

Niliona ni umaskini. Juzi nimekaa na pakiti ya Shin nikasoma jedwali la nyuma: gramu 120, mtu mmoja, na chumvi yake kama gramu nne na nusu. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe tano kwa siku nzima. Mimi nakula peke yangu, sufuria moja, uma mmoja, nakunywa na mchuzi wote. Sasa nani hajui kupika? Yule aliyegawa pakiti mbili kwa watu sita na kuzijaza kabichi, au mimi niliyefuata dakika nne na nusu?

Na msinielewe vibaya, rafu ile siiachi. Nyumbani nisingezipata tom yum, Shin na mi goreng kwa siku moja. Ila kila pakiti iliyo pale imepimwa kwa mtu mmoja, na nimeshajizoesha kula kwa kipimo hicho. Siku nikipata mgeni sijui niongeze nini. Nafungua pakiti nyingine.

Desemba nilienda nyumbani na pakiti kumi za Shin, zile zenye alama ya halali. Nilimweleza mama habari ya maji na saa. Akasema, "Haya, mwanangu." Kisha akakaa kwenye kigoda, akaweka pakiti tatu gotini, akaanza. Kwachu. Tulikula watu tisa, na mtoto wa jirani akaja mara mbili.

Viungo vilivyobaki sikuviona tena hadi siku ya tatu, tulipoandaliwa pweza wa nazi, mchuzi umekuwa mwekundu ajabu. Shangazi akauliza kimetiwa nini. Mama akasema ni siri ya Ulaya.