Naitrojeni sio ruhusa ya kuacha kupima upepo
Kuna mnaosema eti ukishajaza gesi ya naitrojeni kwenye tairi za gari unasahau habari ya kupima upepo mwaka mzima, hapana jamani hapo mmewapoteza watu. Hii hewa ya kawaida ya kwa fundi pancha tayari asilimia 78 ni naitrojeni, kwahiyo unalipia hicho kilichobaki tu. Consumer Reports, shirika la Marekani la kupima ubora wa bidhaa, walishapima matairi ya aina 31 mwaka mzima, yote yalianza na psi 30 (psi ni kipimo cha presha ya upepo), ya hewa yakashuka psi 3.5 na ya naitrojeni 2.2, yaani tofauti ipo ila ndogo na YOTE yalishuka, na msumari wala haujui umejaza nini. Ndege zinajazwa kweli lakini kule wanaogopa moto breki zikichemka, sasa Noah ya kwenda Morogoro inahusiana vipi?? Ninachokiona mimi ni kompresa zisizomwagwa maji kwenye tenki sijui tangu lini, unyevu wote unaingia kwenye tairi, hapo naitrojeni nakubali ina afadhali, ila fundi akimwaga maji kila asubuhi mbona shida inaisha bure. Mliojaza, mlilipa shingapi kwa tairi moja na geji mnashika mara ngapi kwa mwezi?