Mjomba, Mbolea Yako Iko Ziwani

Jumapili nilishuka ufukweni Kisumu kula samaki, nikakuta maji ya kijani mazito kama mtu amemwaga rangi ya geti. Mama anayekaanga samaki alisukuma ule utando kwa kiganja, akachota ndoo. Nikamuuliza kama huyachemsha. "Kwani nani hunywa bila kuchemsha, mwanangu?" Nikanyamaza. Ule utando ni mwani; baadhi yake hutoa sumu, na sumu yake haiondoki kwa moto.

Wiki chache kabla nilikuwa kwa mjomba, kando ya Mto Nyando. Mawingu meusi tii, naye anatupa mbolea ya kukuzia kwenye mahindi kama anayelisha kuku. Nikamuuliza, kwa nini asipime kizibo cha soda kwa kila shina, kisha afukie? "Hayo ni ya watu wa semina." Mstari wa mwisho wa mahindi ulikuwa hatua tatu kutoka majini. Mvua ikaja, ikazoa. Usiku huo pesa ya mjomba ilisafiri bila nauli hadi Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Victoria ulioko Kisumu, ambako gugumaji na mwani hula mbolea ya ruzuku bila kupanga foleni. Na ghuba ile ni chupa: shingo yake nyembamba iko Rusinga, kinachoingia hakitoki upesi. Mwani ukifa na kuoza humaliza hewa majini, samaki wanakosa pumzi.

Sawa, najua. Kuna maji taka ya mji, kuna viwanda, kuna udongo wa milima tuliyoinyoa. Na ndiyo, mkulima wetu hutumia mbolea kidogo kuliko Mzungu. Lakini hicho kidogo tunakiweka mlangoni pa mto! Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilitaka ukingo wa mto usilimwe, kuanzia mita 6 hadi 30. Nani amewahi kuzipima? Mafunjo yaliyokuwa yanachuja maji mdomoni mwa Nyando tumeyakata na kuyachoma tupande mboga. Mjomba angeacha mistari minne tu apande nyasi za nepia, ng'ombe wangekula, na sehemu ya mbolea ingenaswa humo kabla ya kufika mtoni.

Nilimpigia jana kumwambia hivyo. Akanisikiliza vizuri. Halafu akasema mahindi yameanza kuwa manjano, nimtumie 2,500 za mfuko mwingine.

Nimemtumia.