Ukivuta tela, acha kuhesabu kilomita za oili ya giaboksi

Kila nikisikia mtu anasema gari la oto, yaani la giaboksi ya otomatiki, halifai kuvuta tela, natamani kumuuliza oili ya giaboksi yake ilibadilishwa lini. Mara nyingi jibu ni kwamba haijaguswa tangu gari litoke bandarini, na wengine wanashangaa hata kuulizwa. Halafu lawama zote anabebeshwa aliyetengeneza giaboksi.

Mimi nasimama hapa: pikapu ya otomatiki inavuta vizuri kabisa, na kwenye mlima inamtua dereva mzigo mkubwa wa kuhangaika na klachi. Kinachoiua ni joto. Kwa hiyo anayevuta tela akasubiri kilomita za kwenye kitabu ndipo abadili oili, anahesabu kitu ambacho sicho.

Chukua barabara ya Dar es Salaam kwenda Iringa. Mpaka Mikumi, hata mpaka Ruaha Mbuyuni, pikapu yenye tela la mbolea au la vifaa vya ujenzi haina shida. Mwendo ni kilomita themanini, upepo unapita kwenye rejeta, kila kitu kinapumua. Kazi inaanzia kwenye mlima Kitonga. Malori ya masafa marefu yanapanda kwa mwendo wa mtembea kwa miguu, kona zimebana, kuovateki hakuwezekani, nawe umejipanga nyuma yao na tani zako mbili. Injini inanguruma, gari halisogei, upepo hakuna, jua la mchana liko utosini.

Tuangalie kinachoendelea ndani ya boksi wakati huo. Nguvu ya injini inapita kwanza kwenye toki konveta. Humo ni kama mapangaboi mawili yanayotazamana ndani ya oili: moja linazungushwa na injini na kuisukuma oili, oili nayo inalizungusha la pili lililoshikana na giaboksi. Gari likishika mwendo, kuna klachi ndogo ndani yake inayoyafunga yote mawili yakaenda pamoja, na joto linashuka. Ukiwa unatambaa na mzigo, klachi ile inabaki wazi. La kwanza linakimbia, la pili linaburuzwa, oili inachapwa katikati yake, na nguvu yote inayopotea hapo inageuka joto. Ndiyo maana naamini kupanda Kitonga nyuma ya semitrela kunaichosha oili kuliko safari nzima ya Dar mpaka Morogoro, ingawa mita ya kilomita inakuonyesha kinyume.

Oili ya giaboksi inafanya kazi kwa raha kwenye nyuzi 80 hadi 95 za Selsiasi hivi. Kanuni inayotumiwa na mafundi wengi duniani ni kwamba kila nyuzi kumi zinazoongezeka juu ya hapo zinaukata umri wake kwa nusu. Ikizunguka kwenye 120 kwa muda mrefu inaanza kuacha utando wa kahawia kwenye vali, na sili za mpira zinakauka na kuwa ngumu. Ikipita 150, pleti za klachi zilizo ndani ya boksi, zile zinazobadilisha gia zenyewe, zinaungua. Baada ya hapo hakuna oili itakayorudisha kitu.

Sasa utajuaje joto hilo? Geji ya kwenye dashibodi inapima maji ya injini, na mara nyingi inatulia katikati huku giaboksi inapikwa. Pikapu nyingi zina taa ya onyo ya joto la oili ya giaboksi, lakini taa hiyo inawaka mambo yakiwa yameshakuwa mabaya. Dawa yake si ghali. Kuna vifaa vidogo vinavyochomekwa kwenye soketi ya OBD, ile ya kusomea kompyuta ya gari, chini ya usukani na kuzungumza na simu yako. Kwenye magari mengi ya miaka hii vinasoma joto la oili papo hapo. Hakikisha tu kabla ya kununua kwamba programu yake inasoma giaboksi ya gari lako, maana nyingine zinaishia kwenye injini. Ningekuwa na uwezo wa kumlazimisha kila mvuta tela anunue kitu kimoja, ningeanza na hicho, kabla ya bampa la chuma, kabla ya matairi makubwa. Matairi makubwa nayo yanastahili neno: ukiongeza kimo cha tairi bila kubadili meno ya difu, umeifanya kila gia kuwa nzito zaidi, na anayeilipa tofauti hiyo ni toki konveta.

Pesa ikibaki, funga rejeta ndogo ya ziada ya oili. Iwekwe mbele ya rejeta kubwa, na oili ipite kwanza kwenye rejeta kubwa ndipo iende kwenye ile ya nyongeza kabla ya kurudi kwenye boksi. Kuna mafundi wanaoruka rejeta kubwa kabisa. Sikubaliani nao kwa watu wa nyanda za juu. Asubuhi ya Julai kule Makambako au Njombe oili inahitaji kupashwa moto kwanza, na maji ya injini ndiyo yanayofanya kazi hiyo.

Hapo hapo kwenye rejeta kubwa kuna jambo linaloniuma. Kwenye pikapu nyingi, oili ya giaboksi inapozwa ndani ya tangi la rejeta, ikitenganishwa na maji kwa ukuta mwembamba wa chuma. Halafu mtu anajaza maji ya bomba, au ya mtoni, miaka nenda rudi. Ukuta unaliwa na kutu, siku moja unatoboka, na oili inageuka uji wa rangi ya waridi. Maji na kulanti, ile dawa maalumu ya rejeta, vinaitoa gundi inayoshika bitana za klachi (tabaka la msuguano) kwenye pleti zake, na giaboksi nzima inakwenda. Kwa Nissan Pathfinder, Frontier na Xterra za 2005 hadi 2010, kuvuja kwa namna hiyo kulisababisha kesi Marekani, na kampuni ikaongeza muda wa dhamana ya rejeta. Magari yale yalikuwa na kasoro yake, lakini sisi tunaweza kuizalisha kasoro hiyohiyo kwenye gari lolote kwa ndoo ya maji. Kulanti ya kweli ni rahisi kuliko boksi la mtumba.

Kuhusu aina ya oili sina mjadala. Toyota iliyoandikiwa oili ya WS inatiwa WS, na iliyoandikiwa T-IV inatiwa T-IV. WS ni nyepesi zaidi, na moja si mbadala wa nyingine. Ford Ranger ya gia sita inataka Mercon LV, ya gia kumi inataka Mercon ULV. Fundi akikuambia haidroliki, kama wengi wanavyoiita oili hii, zote ni moja kwa sababu zote ni nyekundu, chukua funguo zako uondoke.

Mwambie fundi ashushe sampo, lile karai la oili chini ya giaboksi, nawe ukiwepo. Dondoshea tone la oili kwenye tishu nyeupe. Nzima ni nyekundu na inasambaa. Iliyochoka ina rangi ya kahawia, inabaki imejikusanya katikati, na ukiinusa inakupa harufu ya kuungua ambayo huwezi kuisahau. Kisha tazama sumaku ndogo zilizolala chini ya sampo. Zitakuwa na tope laini la kijivu. Lisugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Likiwa laini kama lilivyoonekana, hiyo ni chuma kulika kwa kawaida, futa uendelee. Ukikutana na chembe zinazokwaruza, au vipande vyeusi vya bitana, tela lipumzike mpaka boksi lifunguliwe.

Kumwaga kwa kufungua sampo hakutoi oili yote, kiasi kikubwa kinabaki kwenye toki konveta. Naona ni bora kumwaga na kujaza, ukatembea siku kadhaa, ukarudia, kuliko mashine ya kusukuma kwa presha kwenye boksi lililotelekezwa miaka mingi. Na kama boksi lako halina kijiti cha kupimia, kipimo chake kinachukuliwa injini ikiwa inaunguruma, gari likiwa sawasawa, oili ikiwa kwenye joto lililotajwa kitabuni. Fundi asiye na namna ya kusoma joto hilo anabahatisha.

Uzito nao una mpaka. Pikapu nyingi mpya za tani moja zinaruhusiwa kuvuta mpaka kilo 3,500 tela likiwa na breki zake, na kilo 750 tu likiwa halina. Matela mengi ya kuchomelewa mtaani hayana breki.

Kwenye usukani, ukiona gari linahangaika kati ya gia mbili, usiliache kwenye D. Sogeza kwenye S au M, shikilia gia ya chini, injini izunguke kwa uhuru. Wakati wa kuteremka fanya hivyohivyo, injini ikusaidie kuzuia mzigo. Kuweka fri (N) ili kuokoa dizeli huku tela linakusukuma mgongoni ni kuchezea roho za watu, zako na za walio mbele yako. Ukifika Ilula ukataka kununua nyanya, weka P na uache injini ikiunguruma dakika chache, oili izunguke ipoe.

Kwa upande wa muda, kwa anayevuta mara kwa mara mimi nasema kilomita 40,000 ndiyo mwisho, hata kama muuzaji amekuambia oili ni ya maisha yote ya gari. Joto likivuka 110 karibu kila safari, ukate nusu. Likifika 130 hata mara moja, sampo ishushwe wiki hiyohiyo.