Mnalinda rangi au mnalinda nailoni?

Aisee, hapa Mbeya tuna ugonjwa. Rimoti ya televisheni imevishwa nailoni. Friji ina nailoni ya kiwandani mlangoni mpaka leo, na godoro linapiga kelele usiku kucha kwa sababu mwenye nyumba hataki livuliwe. Hayo ni mambo ya ndani ya nyumba za watu, hayatuhusu. Lakini ugonjwa umehamia kwenye magari, na huko tunaoitwa kuokoa ni sisi mafundi.

Gari jipya linashushwa Dar likiwa na nailoni nyeupe juu ya boneti na paa. Ile imebandikwa kwa ajili ya safari: chumvi ya bahari, vumbi la bandarini, mavi ya ndege. Kazi yake inaisha siku gari linapokabidhiwa. Gundi yake ni dhaifu kwa makusudi, nayo imetengenezwa ivumilie jua la miezi tu. Baba wa Mbalizi anaiacha mwaka wa tatu. Ukimuuliza anakujibu kwa upole kabisa, "Fundi, nalinda rangi." Unailinda na nini, mzee wangu? Tuko meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, mionzi ya jua huku ni mikali kuliko ya Dar. Wewe umevaa koti unatetemeka, boneti linaungua.

Halafu ghafla anataka kuuza. Mnunuzi anatoka Iringa, kesho anafika. Ndipo nailoni inapokumbukwa: saa moja asubuhi, mwezi wa sita, Uyole ukungu haujaondoka, bati la baridi, na kijana wa kuosha magari ameshakabidhiwa wembe.

Wembe! Kwenye rangi! Lile tabaka la juu linalong'aa, ambalo mafundi tunaliita kilia, unene wake kwa rangi ya kiwandani ni kama maikroni 40 mpaka 50. Panga matabaka ishirini ya namna hiyo ndipo upate milimita moja. Sasa mtoto wa watu unampa wembe na unamwambia "angalia usikwaruze". Wembe ni kwa ajili ya kioo. Na hata kwenye kioo, kile cha nyuma kina nyuzi za kuondoa ukungu, zimechapwa upande wa ndani, ambako ndiko tinti hubandikwa. Ukikwangua tinti umekwangua na nyuzi. Siku unapanda Kawetere ukungu umeshuka, nyuma huoni kitu, unaanza kuwalaumu Wajapani.

Tuelewane kuhusu baridi. Gundi ya nailoni hizi kwa kawaida ni ya akriliki. Ikipoa inakakamaa, na nailoni iliyozeeka nayo inakuwa kavu, kwa hiyo ukivuta inakatika vipande vya ukubwa wa kucha. Au haikatiki, inaondoka na rangi. Ikipata moto kupita kiasi mambo yanageuka: nailoni inatoka kwa mvuto mmoja, unashangilia, kumbe gundi yote imebaki kwenye bati. Kazi inafanyika hapo katikati, uso wa rangi ukiwa nyuzi 50 mpaka 60. Huna kipimajoto, tumia kiganja: kikivumilia sekunde tatu nne halafu kikaanza kudai kuondoka, anza kuvuta. Kikiruka papo hapo, subiri ipoe kidogo. Kiazi kilichochemshwa kinamenywa kingali cha moto, kikipoa ganda linang'ang'ania. Kila mtu wa Uyole analijua hili jikoni, akifika kwenye gari lake linamtoka.

Joto linapatikana wapi? Gari jeusi lianike kuanzia saa tano, saa saba limeshafika lenyewe. Jeupe mwezi wa sita halifiki, hata ulianike mpaka magharibi. Hapo azima draya ya saluni. Ishike sentimita 10 mpaka 15 kutoka kwenye rangi, izungushe bila kusimama, upashe eneo la sentimita 30 kwa 30, uvute hilo, ndipo uhamie jingine. Wanaume wengine wanaona aibu kushika draya ya saluni barabarani, wanataka ile bunduki ya hewa moto ya mafundi, inayofika nyuzi 500 na zaidi. Ile ukiituliza mahali pamoja rangi inatoka malengelenge. Kama ni lazima, iweke kiwango cha chini kabisa, sentimita 20, mkono uende. Kwenye bampa punguza zaidi, maana plastiki haitawanyi joto, linakaa palepale linachoma.

Na umeme ukikatika, ambao utakatika, kuna birika. Huku kwetu maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, ndiyo maana maharage yanamaliza mkaa. Hata hivyo usimimine yakitokota. Yapooze mpaka kama nyuzi 70, chovya taulo, kamua, laza juu ya nailoni dakika mbili tatu. Na kaa mbali na kioo cha mbele: maji ya moto juu ya kioo chenye baridi ya alfajiri, kinapasuka mwanzo mpaka mwisho.

Lakini yote hayo ni bure kama hujajua rangi iliyo chini ni ya nani. Hapa ndipo tunapogombana na wateja. "Gari hili halijawahi kupigwa rangi." Linasemwa kwa sauti ya kuapa. Rangi ya kiwandani inaokwa kwenye tanuri kwa nyuzi 140 hivi, bati likiwa tupu, halina viti wala taa. Ya gereji haiwezi kuokwa hivyo, plastiki zote zingenyauka. Inakauka kwa kemikali, ikipata chumba cha nyuzi 60 ni bahati, na kwa kawaida inakaushwa na upepo wa Mwanjelwa pamoja na vumbi lake. Inashika, ila haishiki vile. Na mara nyingi chini yake kuna puti, ile lipu ya kujazia bati lililobonyea, ambayo chini yake kuna habari ya ng'ombe au ya nguzo ambayo hatusimuliwi.

Kwa hiyo usibishane naye, chukua sumaku ndogo, ifunge kwenye kitambaa laini, ipitishe. Ikishika mlango wa kulia ikateleza kwenye wa kushoto, wa kushoto una puti. Bampa usilipime hivyo, ni plastiki. Kisha funua raba za milango: ukiona vumbi la rangi limegandia, pana mtu alipulizia. Paneli ya namna hiyo usiianze kwa boneti mbele ya mnunuzi. Anza na pembe ya chini ya mlango, vuta sentimita tano, tazama upande wa gundi. Ukiona rangi upande huo, simama. Ongeza joto kidogo, jaribu kuvuta kutokea upande mwingine. Ikiendelea, iache ilivyo mpaka mwenye gari akubali kwamba paneli nzima itapigwa rangi. Kilia iliyobanduka hairudishwi kwa gundi wala kwa dua.

Kuvuta kwenyewe watu wanadhani ni vita. Osha gari kwanza kwa shampoo, ondoa mchanga wote wa barabara, likauke. Pembe iinue kwa kucha au kwa kadi ya benki iliyokwisha muda, isiwe bisibisi. Ukishaipata, ikunje irudi nyuma, iende chini chini karibu na bati, mwinuko usizidi nyuzi 45. Usivute kwenda juu, kwa sababu ukivuta hivyo unaiinua rangi yenyewe. Mikono miwili, upana wote, sentimita mbili tatu kwa sekunde. Ikianza kukataa, mkono usiongeze nguvu, draya iongeze joto.

Ile nailoni nene isiyo na rangi, ya bei mbaya, ambayo wenye magari ya maana wanabandika kuzuia kokoto za malori ya Tunduma, hiyo ni poliurethani, unene milimita 0.15 mpaka 0.2. Inanyumbuka, na kama si ya bei ya chee inatoka kipande kizima, raha tupu. Boneti nusu saa. Stika za matangazo na rapu, zile nailoni za rangi za kuvisha gari zima, ni plastiki nyembamba zaidi, na zikizeeka mafuta yaliyozilainisha yanakwisha, zinakuwa kaukau. Hizo andaa siku nzima na chai.

Gundi sasa. Hapa wanatokea washauri. Sijui nani anawaita. Bodaboda wanne wamepaki, kila mmoja na chuo chake. "Weka petroli." "Thina, fundi, thina!" Mmoja anasema mafuta ya breki. Mafuta ya breki yanamenya rangi. Thina inalainisha rangi ya gereji mpaka inafuata kitambaa. Petroli, na jiko la mkaa la kuota moto liko meta mbili, tukilipukiwa wote nani atahadithia? Tumia spiriti, au mafuta ya taa, au hata mafuta ya kula kama gundi si sugu. Lowesha kitambaa safi, kilaze dakika mbili tatu gundi ilainike, isukume kwa kadi, futa kuelekea upande mmoja. Kitambaa kikijaa gundi kigeuze, ukisugua na kilekile unairudisha gundi pamoja na mchanga. Spiriti kwenye rangi ya gereji ijaribu kwanza mahali pa kujificha. Mafuta yakishamaliza kazi, osha kwa sabuni ya vyombo mpaka bati liache kuteleza, la sivyo waksi haitashika.

Imekwisha, gari linang'aa, mwenye gari anazunguka mikono mgongoni. Anasimama. Pale palipokuwa na nailoni pana rangi moja, pembeni pana nyingine, na mpaka unaonekana umepigwa kwa rula. Kama ilikuwa stika ya matangazo, namba ya simu ya biashara iliyokufa bado inasomeka mlangoni. "Mmeniharibia rangi." Na kidole anakielekeza pale palipofunikwa, penye rangi nzima, ile aliyoilipia. Palipofifia ni kwingine kote. Kwa hiyo kompaundi laini, ile dawa ya kusugulia rangi, sifongo, na subira tunazipeleka pembeni, kwa kile kilichopauka, tukipunguza kidogo kidogo bila kusahau zile maikroni 40. Alama inafifia, mara nyingine haiishi. Halafu waksi. Halafu anauliza kwa nini tunadai hela ya siku nzima kwa kubandua nailoni tu, kazi ambayo mtoto wake angeifanya kwa wembe.