Puma na Hesabu Isiyokamilika

Novemba 2024 wapigakura wa jimbo la Colorado, Marekani, waliulizwa kama uwindaji wa puma, paka mkubwa wa mwituni wa Amerika, upigwe marufuku. Takriban asilimia 55 walikataa. California ilishaupiga marufuku uwindaji wa burudani kwa kura mwaka 1990.

Waliokataa wana lao la kusema. Mfugaji aliyeamka akakuta kondoo kadhaa wamekufa zizini, na aliyeliwa ni mmoja tu, hana haja ya kuonyeshwa takwimu. Tena anauliza, kwa nini aamuliwe na watu wa mjini wasiofuga hata kuku?

Ila mnyama anayezungumzwa kwenye mabishano haya hafanani na puma halisi. Dume la puma lina kilo 55 hadi 100 hivi, jike ni dogo zaidi. Hangurumi kama simba. Kinasaba yuko karibu zaidi na duma. Miguu yake ya nyuma ni mirefu kuliko ya mbele, kwa hiyo huvizia, huruka mara moja na kushika shingo. Kisha mzoga anaufukia kwa majani na kuurudia kwa siku kadhaa. Chakula chake kikuu ni kulungu, na yeye huwakwepa binadamu. Amerika Kaskazini nzima, kwa zaidi ya karne moja, waliouawa naye ni takriban 30.

Hao kulungu ndio wanaosahaulika. Wakigongana na magari, watu hufa Marekani kila mwaka. Mwaka 2016 watafiti walikadiria kwamba puma wakirudi mashariki mwa nchi hiyo, ndani ya miaka 30 ajali hizo zingepungua kwa asilimia 22, na watu 155 wangenusurika. Ni makadirio, sawa, na yanategemea puma kuishi tena katika misitu waliyofukuzwa zamani. Yakate nusu, bado wanaookolewa ni zaidi ya 70. Yakate tena nusu, unabaki na karibu 40 kwa miaka 30, dhidi ya 30 kwa karne. Tatizo ni kwamba aliyenusurika ajali ambayo haikutokea hajijui, wala hatapiga kura kwa ajili ya puma.

Wawindaji husema kupunguza puma hupunguza usumbufu. Utafiti wa jimbo la Washington ulikuta kinyume: dume mzee akiuawa, vijana wasio na uzoefu huingia eneo lake, na malalamiko huongezeka mwaka unaofuata. Wapo wataalamu wanaoupinga, lakini mantiki yake mimi inaniingia.

Colorado huua takriban puma 500 kwa mwaka, wengi baada ya kupandishwa mtini na mbwa. Mnyama akiwa juu ya tawi, mwindaji ana nafasi ya kumkagua kabla ya kufyatua. Basi dume mzee aachwe, kama uwindaji ni lazima ubaki. Kikwazo ni kwamba huyo ndiye mwenye kichwa kikubwa cha kutundika sebuleni.