Kesi ya tui la nazi

Chupa ya mafuta ya kula kwenye duka la mtaani kwetu imechorwa moyo mwekundu, na chini yake pameandikwa: haina kolesteroli. Ni kweli kabisa. Ni kweli pia kwa mafuta ya ufuta, ya mawese na ya nazi, maana kolesteroli ya chakula hutoka kwa wanyama: nyama, maini, kiini cha yai, samli. Mwenye kiwanda hajadanganya, ila amejibu swali ambalo mnunuzi hakuuliza. Mnunuzi anataka kujua mafuta haya yatafanya nini yakishaingia mwilini mwake, na hapo ndipo ugomvi wa nazi unapoanzia.

Huku pwani ugomvi huo hauishi. Upande mmoja wamo wanaosema babu zetu walikula wali wa nazi, samaki wa kupaka na mboga ya kisamvu, wakazeeka na meno yao. Upande wa pili yumo mjomba wangu, aliyetoka hospitali na karatasi ya vipimo, LDL (chembe zinazobeba kolesteroli kwenye damu) imepanda, na agizo la maneno mawili: acha nazi. Tangu siku hiyo kila sinia likiletwa anatazama tui kama mtu aliyemwona mdeni wake.

Nianze na daktari. Kolesteroli nyingi iliyomo kwenye damu haikutoka kwenye sahani, imetengenezwa na ini lenyewe, kwa kuwa mwili unaihitaji kwa kuta za seli, homoni na nyongo. Ini pia ndilo linaloisafisha, kwa kuzivuta chembe za LDL kutoka kwenye damu. Ukila kwa wingi mafuta ya aina inayoganda, kazi hiyo ya kuvuta hulegea, LDL zikabaki zikizunguka, na nyingine zikapenya ukuta wa mshipa na kujijenga humo mwaka baada ya mwaka. Mafuta ya nazi, zaidi ya asilimia 80 ni ya aina hiyo. Hakuna haja ya maabara: asubuhi ya kipupwe, Julai, chupa ya mafuta ya nazi huwa nyeupe kama mshumaa, huku ya alizeti pembeni yake ikimwagika kama kawaida. Majaribio ya kulinganisha mafuta ya nazi na mafuta ya mimea yasiyoganda yameonyesha tena na tena kwamba ya nazi huipandisha LDL.

Watetezi wa nazi nao hawaongei hewani. Wana visiwa vya Pasifiki. Mwaka 1981 ulitoka utafiti juu ya watu wa Pukapuka na Tokelau. Watu wa Tokelau walipata asilimia 63 ya nguvu zao kutoka kwenye nazi, kiwango ambacho hata mpishi wa Lamu hawezi kukifikia, na bado maradhi ya mishipa yalikuwa haba. Habari hii ndiyo inayosambazwa WhatsApp, na kwa kawaida hukatwa hapo. Utafiti huohuo ulikuta kolesteroli ya Tokelau iko juu kuliko ya Pukapuka, walikokula nazi kidogo zaidi. Halafu hawa walikuwa watu wa samaki na nazi, wavuvi wa visiwani, mbali na vyakula vya dukani. Waliohamia New Zealand, nazi ikapungua na vingine vikaingia, dalili za hatari zilizidi badala ya kupungua. Kwa hiyo nazi haikuwaua, lakini pia haikuishusha kolesteroli yao. Mtu wa Kariakoo anayekaa ofisini kwa muda wa saa tisa, akarudi kwa daladala na kununua chipsi njiani, hawezi kujitetea kwa kisiwa hicho.

Karibu na kwetu zaidi kuna kisiwa cha Morisi (Mauritius). Mwaka 1987 serikali yao ilibadilisha mafuta ya bei nafuu yaliyotumiwa na wengi, kutoka ya mawese kwa sehemu kubwa kwenda ya soya. Kufikia 1992, wastani wa kolesteroli ya watu wazima ulishuka kutoka milimoli 5.5 hadi 4.7 kwa lita ya damu. Huo ni ushindi, na nauhesabu kama ushahidi mzito kuliko hadithi za babu yeyote, wangu akiwemo. Ila tusikate habari hii nayo: mpango ule ulihimiza pia mazoezi na kupunguza sigara na pombe, na miaka hiyohiyo unene uliongezeka huku kisukari kikibaki karibu palepale. Kubadilisha chupa jikoni kulisaidia jambo moja, mengine yakabaki yanangoja.

Mimi nasimama karibu zaidi na daktari, lakini naona agizo lake lilikuwa fupi mno. Nazi badala ya nini? Mjomba aliacha maharage ya nazi, akahamia chapati za samli na chai ya maziwa mazito. Maharage yenyewe, kwa nyuzinyuzi zake, ni katika vyakula vinavyosaidia kushusha LDL. Ameyatupa pamoja na tui. Na tui si moja. Lile zito la kwanza ndilo lenye mafuta mengi. La pili na la tatu, nazi ikishakamuliwa, ni jepesi na lina mafuta kidogo zaidi. Mpishi yeyote wa pwani anajua tofauti hiyo, ila haikuulizwa kwenye chumba cha daktari.

Kuna wengine ambao mjadala huu wote wa sufuria hauwafai. Aliyerithi kolesteroli ya juu anaweza kuwa mwembamba, mkimbiaji, hagusi nazi, na mishipa yake inaziba kabla ya miaka 50. Mwenye kisukari, aliyepata kiharusi, au aliyewahi kupata mshtuko wa moyo, naye hahitaji kitunguu saumu na ndimu. Anahitaji statini, vidonge vya kushusha kolesteroli, na hapa sioni pande mbili zenye uzito sawa. Vidonge hivyo vina kasoro zake, maumivu ya misuli yakiwemo, na vinahitaji kufuatiliwa, lakini jaribio la Uingereza lililowapa watu statini na vidonge bandia kwa zamu lilikuta sehemu kubwa ya maumivu walikuwa nayo hata walipomeza vile bandia.

Mjomba sasa anameza kidonge chake kila usiku. Ijumaa shangazi humpikia wali wake peke yake, kwa tui la pili. Anaumaliza wote, kisha anasema hauna ladha.